Boma la Mathenge

Shamba ambalo Keynan aliachiwa na baba yake lilianzia barabara ya vumbi, nje kidogo ya mji wa Garissa, likateremka hadi ukingo wa Mto Tana. Lakini kufika mtoni haikuwezekana. Mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa zamani kuzuia jangwa, ulikuwa umefunga njia yote, na mbuzi wake walinusa maji wasiweze kuyafikia. Keynan aliapa kuung'oa. Si kuukata, kuung'oa, kwa sababu mathenge ukiukata kisiki kinachipua matawi mengi kuliko mwanzo.

"Wape watu wa makaa," Dubow, mjomba wake aliyemwita abti, alimwambia kila alipopita. "Watamaliza haraka. Wewe unachimba kama mtu aliyepoteza jino la dhahabu."

"Watakata waende zao, abti. Mimi ndiye nitabaki na visiki."

Akachimba kiangazi chote, mikono imechanika. Matawi ya miti aliyoing'oa aliyazungushia boma la mbuzi palepale shambani, kama baba na babu yake walivyozungusha miiba ya mgunga. Mvua zilipopita ulibaki ukanda mmoja tu, ule wa ukingoni.

Ndipo alipofika Bi. Nzisa, afisa wa mazingira aliyehamishiwa Garissa kutoka Kitui. Alizima pikipiki, akautazama mto, kisha akamtazama Keynan.

"Weka jembe chini, kijana. Ukingo wa mto haufyekwi bila kibali, hata kama shamba ni lako."

"Huu si mti, madam. Ni adui."

"Adui huyo ndiye ameshika udongo wako. Ukiung'oa wote leo, mafuriko yakija nusu ya shamba utaifuata Kipini, baharini."

Dubow alicheka. "Madam, hii kijana yetu iko na kichwa ngumu. Ata umwambie na Kikamba, haisikii."

Keynan hakuliweka jembe chini. "Hiyo sheria yenu ilikuwa wapi mti huu ulipokuwa unatufungia maji?"

Bi. Nzisa hakupandisha sauti. "Hilo ni swali la haki. Kibali naweza kukupa. Nionyeshe kwanza pale ulipomaliza."

Keynan alimpeleka kwa majivuno, lakini majivuno hayo hayakufika mbali. Ardhi aliyoisafisha ilikuwa imejaa miche ya mathenge, imara, mibichi, na kadiri walivyokaribia boma ndivyo ilivyozidi kusongamana.

"Ni mizizi niliyosahau," alisema.

"Ng'oa mmoja."

Aling'oa. Ulitoka kwa vidole viwili tu, kizizi chembamba, na shinani ulikuwa umeshikana na punje za samadi ya mbuzi. Alipoinua macho aliona ua wa boma lake mwenyewe. Mbuzi wawili walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma wakitafuna maganda ya manjano, matamu, yaliyoning'inia kwenye matawi makavu.

"Mbegu inapita tumboni bila kufa," Bi. Nzisa alisema. "Wewe unang'oa, wao wanapanda."



Keynan alifungua lango la boma. "Abti, mbuzi watalala kwako."

"Na ukuje kujenga na nini? Fisi hapa haiogopi maneno."

"Kwa miiba ya mgunga."

"Mgunga usiuguse," Bi. Nzisa alisema. "Huo ni wa kulindwa."

Keynan alimkazia macho, kisha akayashusha. "Basi kwa magogo ya mathenge, bila tawi, bila ganda."

Aliutia ua moto kwa mkono wake, maganda yakapasuka ndani ya miali, na hakuondoka mpaka upande wa mwisho ulipoanguka. Dubow aliswaga mbuzi kuelekea kwake, akiwalalamikia kwa Kisomali.

Bi. Nzisa aliandika kibali juu ya kiti cha pikipiki. "Utaanza na njia ya upana wa mbuzi wanne. Unapong'oa, unapanda mikwaju pembeni ya njia. Ikishika, nitarudi tuongeze."

"Wanne ni wachache."

"Basi watatu."

Keynan alipokea karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akateremka ukingoni kuanza na mti wa kwanza uliomzibia maji.