Kifundo cha Mkono wa Kushoto

Asubuhi ya kuingia bandarini, Sindano aliamka na hamu ya kusafisha. Miezi yote ya safari yeye na kaka yake walikuwa wameishi ndani ya mashua ya tanga isiyozidi chumba kimoja, wakifuata pwani, na hakutaka mama yao aikute inanuka soksi. Alisugua jiko, akasugua sakafu, kisha akafungua kifuniko cha injini afute chumvi. Injini yenyewe haikuguswa tangu waondoke. Ndivyo alivyojua.

Mkono wa gia ulikuwa umefungwa kwa waya wenye kidonge cha risasi, muhuri wa chama. Fundi wa chama cha mashua aliufunga mbele ya watu siku ya kung'oa nanga. Masharti yalikuwa mepesi: pwani nzima kwa tanga peke yake, mkiona kifo, kateni waya, washeni, kisha semeni. Kusema hakukuwa aibu. Mtu alikosa kombe tu.

Kitambaa kilipopita juu ya waya, rangi ya kijivu ilibanduka. Chini ya rangi palikuwa na uzi.

Ulikuwa uzi wa nta wa kushonea matanga, uzi wake mwenyewe, umeunganisha ncha mbili za waya uliokatwa. Kifundo kilikuwa kile cha mama yao, mizunguko miwili na kitanzi, ila kimezungushwa kinyume. Mama aliwafundisha wote wawili kwenye benchi moja la karakana ya matanga. Mmoja tu kati yao alikuwa mashoto, naye hakuwa Sindano.

Sindano aliketi sakafuni. Akili yake haikuzunguka sana. Ilikwenda moja kwa moja kwenye rasi.

Siku waliyopita rasi alikuwa kalala na homa, kalewa vidonge, na dhoruba ilivuma hata mtu asingesikia ngoma ikipigwa kando ya sikio. Upepo ulikuwa ukiwasukuma kwenye mwamba. Alipozinduka, kaka yake alikuwa ameinama juu yake, ndevu zinachuruzika maji. "Lala tu, Sindano. Tanga lako limetutoa. Limepanda upepo kama mbuzi anavyopanda jabali."

Tanga lenyewe lilikuwa dogo, la dhoruba, la mkato mpya alioubuni yeye. Alifurahi kuliko alivyopenda kuonyesha. Baadaye, kwenye upepo hafifu zaidi, alilijaribu tena, na mashua ikateleza upande kama kaa. Alijilaumu mwenyewe. Wiki baada ya wiki alijilaumu, akasema ni mkono wake kwenye usukani, akafanya mazoezi mpaka viganja vikachubuka, na kaka yake akimtazama akinywa chai.

Alikata uzi kwa kisu, kifundo kikabaki kizima, akapanda nao juu.

Kaka alikuwa kwenye usukani, amenyoa, amevaa shati jeupe alilolitunza safari nzima kwa ajili ya leo. Mtaani walimwita Spika tangu utotoni, na redio ilikuwa mdomoni mwake. "...injini haikukohoa hata mara moja, Mwenyekiti! Ni tanga la mdogo wangu. Mwambie kila mtu."

Sindano aliichukua redio, akaizima, akauweka uzi juu ya goti la kaka yake.

Kaka aliutazama. Kisha akautazama mwamba wa mlango wa bandari, kana kwamba huko ndiko kwenye hatari.

"Ulikuwa unaumwa," alisema hatimaye. "Tulikuwa tunakwenda kufa. Ungetaka nifanye nini, nikusomee dua?"

"Ulifanya sawa kuwasha."

"Sasa?"

"Sasa ulisema nini nilipoamka?"

"Aa, Sindano! Nilikupa moyo. Mtu anakusifu, nawe unamkasirikia?"

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi hukuningoja hata nilitie. Ulilitia wewe, ukawauzia watu kwa jina langu."

Kaka alicheka kidogo, cheko la kuomba mlango wa kutokea. "Basi tukifika utaongeza mshono mmoja mahali, kimyakimya. Nani atajua? Mdogo wangu, pale gatini kuna bendi. Kuna kamera. Mama kavaa."

"Mama kanipigia jana tulipopata mtandao," alisema Sindano. Sauti yake ilikuwa chini, na Kaka, aliyemjua, alirudisha mguu nyuma. "Amekata vitambaa vya matanga mawili, kwa mkato wangu. Moja ni la yule nahodha jirani. Anaondoka Jumatatu na mkewe na mtoto. Unajua anapita wapi?"

Kaka alinyoosha kola ya shati.

"Nakuuliza. Anapita wapi?"

"Rasini."

"Na ameng'oa injini apate nafasi ya mizigo. Kwa nini ameing'oa?"

"Sindano..."

"Kwa sababu tangu rasini umekuwa ukisema redioni tanga linatosha!" Ngumi yake ilitua kwenye ubao, na chumvi ikaruka. "Kuniokoa nakushukuru, nitakushukuru mpaka kaburini. Kunisifu ndiko sikusamehe."

"Nitamwambia mwenyewe. Kesho. Kwa utaratibu. Wacha watu washangilie kwanza."

Alimtazama kaka yake, shati lile, mashavu yale laini. Alijua kesho yake ilivyo. Kesho ya Kaka ilikuwa haijawahi kufika.

Mlango wa bandari ulifunguka. Gati lilikuwa jeusi kwa watu, na tarumbeta ziliwafikia juu ya maji. Kaka alisimama, akapunga mkono. Sindano aliuokota uzi, akautia mfukoni, akashuka ngazi, akawasha.

Injini ilikohoa mara moja, ikashika.

"Zima!" Kaka aliinamia mlango, uso unamvuja jasho. "Zima, we mwendawazimu! Unaniua!"

"Shika usukani," alisema. "Utagonga."

Alipanda, akalishusha tanga kubwa lote hadi chini, ili hata aliye mbali asiseme kwamba hakuona. Waliingia hivyo, mlingoti mtupu, moshi nyuma yao. Tarumbeta zilinyamaza moja moja. Mwenyekiti wa chama alikuwa ameinua bendera. Aliishusha polepole, kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa watu.

Sindano aliruka gatini, akafunga kamba mwenyewe. Mama yao alisukuma watu, nguo mpya, mikono wazi.

"Mama, lile tanga la jirani. Umeshashona?"

"Nimemaliza, amelichukua asubuhi. Mwanangu, hata salamu? Na injini hiyo vipi?"

Sindano alimtia kile kifundo kiganjani. Mama alikisogeza karibu na macho, akakipindua kwa ukucha, mara moja, akajua kimezungushwa upande gani. Nyuma yake Kaka alikuwa bado ndani ya mashua, ameshika usukani wa chombo kilichokwisha kufungwa.

"Kilikuwa wapi?"

"Kwenye waya wa injini. Rasini tanga lilishindwa, Mama. Lilishindwa kabisa."

Mama hakumtazama mwanawe wa kiume. Alivua viatu vyake vya sherehe, akavishika mkono mmoja.

"Mkasi uko karakana," alisema. "Twende kwake tukalifumue, kabla hajalipakia."