Upande wa Pili wa Kitabu

Kama kuna kazi inayomkausha mtu koo na moyo kwa pamoja, ni kufundisha darasa la kwanza kusoma. Msinibishie. Anayebisha aende mwenyewe akasimame mbele ya watoto sabini asubuhi yote, aseme "m na a, ma, m na e, me", wamjibu kwa kelele ya kupasua bati, halafu kesho yake awaulize "m na a?" wamkodolee macho kama amewauliza habari za Ulaya. Mama Domitille aliifanya kazi hiyo hapa Kalemie, katika shule moja ya upande wa Kataki, miaka ile ya Zaire, na mwaka ninaousimulia alikuwa amechoka. Si kuchoka kwa mtu aliyelima, akalala, akaamka mzima. Alichoka mpaka kulala kwenyewe kukawa kazi.

Sauti yake ilikuwa imebaki nusu. Asubuhi iliweza kufika mlangoni, mchana iliishia kwenye benchi la mbele. Direkta wa shule, Papa Télesphore, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimhurumia. "Mama," alimwambia, "vumilia mpaka mwezi wa saba. Mwaka unaokuja utachukua darasa la tano. Watoto thelathini tu, wanajua kusoma tayari. Utapumuzisha koo." Domitille aliishika ahadi hiyo kwa mikono miwili. Usiku alijiona amekaa kwenye kiti, watoto wakisoma kimyakimya, na yeye hasemi kitu.

Vitabu vya kusomea vilikuwa vichache, kitabu kimoja kwa watoto sita. Chaki zilikwisha kabla ya Noeli. Wakawa wanaandika ubaoni kwa vipande vya muhogo mkavu, na ubao wenyewe ulikuwa umechujuka, kwa hiyo mtoto wa katikati aliona ukungu tu. Kusoma kukabaki kwa kitabu. Waliweka kitabu chini juu ya mkeka, wakakizunguka sita sita, kama watu wanaokula sahani moja, kidole cha mmoja kikipita juu ya mstari na wote wakiimba, "Ba-ba a-be-ba bo-ga!"

Wiki ya kwanza walipigania upande mzuri mpaka vitabu viwili vikapasuka majalada. Domitille akakasirika. Akampanga kila mmoja mahali pake, na aliyerudia darasa akamrudisha pale pa mwaka uliotangulia. "Kila mutu na fasi yake!" alisema. "Nikimuona mutu amehama, tutaonana." Watoto wakaitika, naye akaenda zake mbele, akashukuru Mungu kwa utulivu mdogo aliopata.

Kati ya watoto hao alikuwemo Mujinga (ni jina la kwao, si tusi), binti wa Papa Omer, mbebaji wa mizigo bandarini. (Omer ni jina la ubatizo, na Serikali ilikuwa imeyakataza majina hayo, lakini nani bandarini angemwita vingine?) Mujinga alikuwa mtoto wa kutii. Ukimwambia keti, anaketi. Ukimwambia nyamaza, unaweza kumsahau mpaka saa ya kwenda nyumbani. Mwaka uliotangulia alishindwa, akarudia darasa, na baba yake hakulipenda jambo hilo hata kidogo.

Wakati wa Pasaka Papa Omer alikuja shuleni, akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Mwalimu, mimi sina maneno mingi. Huyu mutoto amesharudia mara moja. Akirudia tena, basi. Dada yangu Alphonsine iko Moba, anakaushaka samaki, anatafuta mutu wa kumushikia mutoto. Siku ya proklamasio, ile ya kutangaza waliopita, wakiita jina lake, anabaki. Wasipoita, boti ya kesho yake inamubeba."

"Na kule Moba atasoma?"

"Kule kuna shule za Mapadri."

"Papa Omer, nakuuliza kama atasoma."

Papa Omer akatazama ziwa. "Atashika mutoto," akasema.

Basi mwezi wa sita ukafika, na mtihani wa kusoma. Kila mtoto alikwenda peke yake kwenye meza ya mwalimu, akasimama kando yake, akawekewa kitabu, akasoma. Mujinga alipofika, Domitille alimfungulia ukurasa rahisi. Mtoto akautazama. Akatikisa kichwa. Domitille akamfungulia ukurasa wa mwanzoni kabisa, ule wa wiki ya kwanza ya mwaka, ambao hata kasuku angeujua. Mujinga akaweka kidole kwenye herufi, akakiondoa, machozi yakaanza kumlengalenga.

"Lakini wewe unaimbaka na wenzako kila siku!"

Mujinga akatazama miguu yake.

"Haya, pisha," Domitille akasema. Hakuwa na hasira, nguvu za hasira angezitoa wapi? Aliona tu boti ya Moba.

Akamwita Florentine, mtoto wa mfanyabiashara, mwenye mdomo mrefu na ujasiri wa bure. Florentine akaanza kusoma vizuri, akafika neno moja, akakwama. Mujinga alikuwa bado hajaondoka. Alikuwa amezunguka meza, yuko upande wa pili, akijifuta kamasi. Akanong'ona, "A-me-sa-ha-u."

"Wee! Nani amekutuma kumupa mwenzako jibu?" Domitille akamfokea. Kisha akawaza: huyu amekariri tu, amesikia wenzake. Akafungua ukurasa wa mwisho kabisa wa kitabu, ambao darasa halijawahi kuufikia. "Sasa nisomee hii, wewe mwenye kujua."

Mujinga, palepale aliposimama ng'ambo ya meza, akainama. "Ma-ji ya zi-wa ya-me-cha-fu-ka. Ba-ba ha-to-ki le-o."

Domitille akaangalia ukurasa. Ndivyo ulivyoandikwa. Akakigeuza kitabu kimwelekee mtoto vizuri. "Endelea."

Mujinga akaweka kidole, akakwama. Domitille akakigeuza tena, kichwa chini miguu juu. Mujinga akaendelea, taratibu, bila kukosea hata neno.

Kumbe! Mungu wangu, kumbe! Domitille akaanza kucheka, kicheko kikavu kisicho na sauti, Florentine akamshangaa. Halafu akaacha kucheka. Alikumbuka ni nani aliyempanga Mujinga ng'ambo ya kitabu, mwezi wa tisa, na kumwambia asihame. Watoto wengine waliopangwa upande huo walihama. Waliibiana nafasi, walisukumana, walichapwa, na katika ukorofi wao wakakisoma kitabu kutoka pande zote. Mujinga peke yake ndiye aliyetii. Miaka miwili, darasa lilelile, mwalimu yuleyule, upande uleule. Na neno la ubaoni alilinakili tu bila kujua kwamba ni ndugu wa neno la kitabuni.

Zilibaki siku chache kabla ya proklamasio. Kila mchana, wenzake wakienda kuogelea mtoni Lukuga, Domitille alibaki naye darasani, akakigeuza kitabu kidogo kidogo, kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani. Siku ya kwanza kidogo tu, na mtoto akasoma. Kesho yake zaidi, na mtoto akainamisha kichwa mpaka sikio likagusa bega, akasoma. Walifika kitabu kikalala ubavu. Hapo pakawa pagumu. Kila kikivuka hapo, herufi zilimkimbia, naye akalia, na Domitille akatamani kulia pia, maana koo lilikuwa linawaka na nyumbani hapajafagiwa.

"Basi, mama. Basi. Tutaendelea kesho," Domitille alimwambia mtoto.

Lakini kesho haziongezwi. Akampeleka kwa Direkta.

Papa Télesphore akampa mtoto kitabu. "Shika kama mutu. Soma." Mujinga hakuweza. Domitille akakigeuza, Mujinga akasoma ukurasa mzima. Direkta akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama Domitille, njo nini hii?"

"Njo kusoma, Papa Direkta. Anajua sauti zote. Anaunganisha. Kinachobaki ni macho kuzoea. Mupandishe darasa la pili, miezi miwili tu ya kule, atakuwa sawa na wenzake."

"Na Inspekta akija nimwambie nini? Kwamba katika shule yangu watoto wanasoma kichwa chini? Hapana. Arudie. Hatakufa."

"Akirudia, baba yake anamupeleka Moba."

"Kila mwaka wazazi wanasema hivyo." Papa Télesphore akashusha pumzi, naye pia alikuwa na uso wa mtu aliyechoka. "Mama, usijitafutie maneno. Darasa la tano linakungoja. Pumuzika."

Sasa, aliyewahi kusimama kwenye proklamasio anajua ilivyo. Wazazi wanajaa uani, mama wamevaa vitenge vya misa, na kila mwalimu anasimama kwenye ngazi anatangaza darasa lake, kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho aliyepita. Jina likiitwa, makofi na vigelegele. Asiyeitwa hatukanwi na mtu. Anashikwa mkono tu, anaondoka na wazazi wake pembeni ya ukuta, na watu wanajifanya hawakumwona. Lakini jina likishaitwa na kupigiwa makofi, limeitwa. Hakuna Direkta mwenye uso wa kuwaambia wazazi wa Kalemie kwamba vigelegele vyao virudishwe.

Papa Omer alikuja na baiskeli. Nyuma alikuwa ameshafunga mzigo: mkeka, beseni la bati, nguo ndani ya kitenge. Mujinga alisimama kando ya gurudumu, amevaa viatu vilivyomzidi. Domitille alipouona mzigo ule umefungwa tayari, kabla hata hajafungua mdomo, moyo ulimuuma vibaya.

Akaita majina. Sauti ilikwenda ikipungua, akamtangaza wa mwisho kwa sauti ya kukwaruza. Makofi. Direkta akamwashiria mwalimu wa darasa la pili apande. Papa Omer akaigeuza baiskeli.

"Mujinga," Domitille akasema.

Hakuna aliyesikia. Sauti ilikuwa imekwisha, imetumika yote kwa majina ya wengine. Akajaribu tena, ikatoka pumzi tupu. Papa Omer alikuwa ameshafika ukutani, mtoto nyuma yake, wanapita pale wanapopitaga wasioitwa.

Domitille akafanya jambo pekee ambalo koo lake lilijua kulifanya hata likiwa limekufa. Akainua mkono, kama afanyavyo kila asubuhi, akawageukia watoto wake waliokaa chini kwenye vumbi. "Mu!" akakwaruza. "Ji! Nga!"

Na wale watoto, wakorofi wale, wasiojua jingine ila kuunganisha wanachopewa, wakajibu kwa kelele ya kupasua bati: "MU-JI-NGA! MUJINGA!"

Uwanja mzima ukageuka. Mama mmoja akapiga kigelegele, maana jina limeitwa, wengine wakapokea. Makofi yakamfuata mtoto mpaka ukutani. Papa Omer alisimama kama mtu aliyeitwa na polisi.

Direkta hakusema kitu mbele ya watu. Alingoja mpaka wazazi walipoanza kutawanyika, akamvuta Domitille nyuma ya mlango.

"Umenitia haya."

"Nisamehe, Papa Direkta."

"Darasa la tano nitampa Valère. Wewe utachukua la pili, na huyo mutoto wako ndani, na wengine wote sabini. Inspekta akija, utamueleza wewe."

Domitille alitaka kujibu kwamba amechoka, kwamba koo limekwisha, kwamba alikuwa ameshakiota kile kiti cha darasa la tano. Lakini Direkta aliyajua hayo yote. "Sawa, Papa," akasema.

Alipotoka nje, Papa Omer alikuwa anafungua kamba ya mzigo kwa meno, fundo limekaza. Mujinga alikuwa ameshavua viatu.

"Mama Mwalimu, niambie kweli. Anajua kusoma, ama umemuhurumia tu?"

"Anajua. Mimi njo nilimuweka upande mubaya wa kitabu. Ile nitaitengeneza."

Papa Omer akamtazama usoni, akaona macho mekundu na midomo iliyopasuka. "Lakini wewe umechoka, mama."

"Sana."

"Na mwaka unaokuja?"

Domitille akachukua lile beseni la bati kutoka kwenye baiskeli, akampa mtoto ashike. "Mwaka unaokuja," akasema kwa ile pumzi iliyobaki, "nitachoka pamoja naye."