Takataka Chini ya Mawaridi

Kamati ya kanisa ilikuwa imekaribia kuamua: mawaridi ya mbele yang'olewe, pawekwe matofali ya kabro, magari yapate mahali pa kuegesha. Mwenyekiti, Bwana Owiti, alimpa Rahab, aliyeyapanda, muda hadi mvua ziishe awe ameyaponya.

"Ulitupandia maua au fimbo, nyar Limuru?" alimuuliza. Binti wa Limuru: ndivyo walivyomwita tangu ahamie Kisumu.

Rahab hakucheka. Vipandikizi vya mawaridi hayo alivitoa kwa mama yake, wakati ambapo hakujua hata wimbo mmoja wa Kidholuo, na hakuna pale kanisani aliyejua ampe kazi gani. Yakiondoka, angerudi kuwa mtu wa benchi la nyuma.

Kosa la kwanza lilikuwa lake. Kwao, waridi likiugua, mara nyingi ni ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa mahali penye baridi, na watu huunyunyizia salfa. Naye alinyunyiza salfa, tena adhuhuri, bila kutazama vizuri. Salfa kwenye joto la Kisumu huunguza. Kesho yake kingo za majani zilikuwa za kahawia.

Safari hii alitazama. Weupe haukuwapo. Kulikuwa na madoa meusi yaliyosambaa kama wino kwenye karatasi laini, yamezungukwa na manjano, na majani yalipukutika kuanzia chini. Huo ni ukungu mwingine. Hautaki baridi, unataka jani lililolowa likachelewa kukauka. Lakini mbona alikuwa akichuma majani mabovu, na kila mvua ikinyesha yanaugua upya? Aliinama hadi kwenye mashina, akaona rundo la majani makavu, yote yenye madoa, limeshindiliwa vizuri kabisa.

Jumamosi alimkuta Mama Lorine akifagia uwanja kama kawaida, akisukuma takataka chini ya mawaridi.

"Mama, hapo usiweke."

"Hiyo ni mbolea. Ndizi zangu kule Dunga nazilisha hivi, na mikungu yake hubebwa na watu wawili."

"Ndizi haziugui ugonjwa huu. Mvua ikipiga hilo rundo, matone yanarusha ukungu juu, kwenye majani mapya."

Mama Lorine aliegemea ufagio. "Kwa hivyo ni mimi nimeyaua."

"Wewe umefagia, mimi nimeunguza. Tumesaidiana."

Mama huyo alicheka hadi akakohoa. Kisha akaenda kutafuta gunia.

Walizoa takataka zote, wakazichoma nyuma ya jiko. Rahab alikata matawi yaliyobanana ili hewa ipite, akipangusa makasi kwa spiriti kila alipohamia mche mwingine. Alichuma kila jani lenye doa. Tangu hapo, siku zisizo na mvua, alimwagilia asubuhi, kwenye shina tu, na kabla jua halijawa kali alipulizia dawa ya ukungu yenye shaba, kwa kipimo cha pakiti.

Bwana Owiti alipopita, mawaridi yalikuwa uchi kuliko mwanzo.

"Unatibu au unanyonyoa kuku?"

"Majani yaliyougua hayaponi. Dawa inalinda yatakayoota."

"Na kamati itajuaje yamepona?"

"Mvua za mwisho zikipita, tazameni majani ya chini. Mche wenye madoa, ng'oeni."

"Wewe ndiye umesema."

Mvua zilinyesha, zikaisha. Jumapili, baada ya ibada, Bwana Owiti alikunja suruali ya suti yake, akachuchumaa, akakagua mche mmoja baada ya mwingine. Majani yalikuwa safi, yanang'aa. Kwenye mche wa mwisho, ule wa chini ya mfereji wa paa ambako maji yalidondoka hata mvua ikishakata, alisimama na majani mawili mkononi. Yalikuwa na madoa.

"Haya ni kidogo," alisema kwa sauti ya chini. "Kamati haiwezi kung'oa mche kwa majani mawili. Yabaki tu yote."

"Hapa waridi hili halitakauka kamwe," Rahab alisema. "Litaambukiza mengine."

Alileta jembe, akaling'oa mwenyewe, mizizi na yote. Mama Lorine alikuwa ameshafungua mdomo wa gunia.

"Na hilo pengo?" Bwana Owiti aliuliza.

"Wekeni kabro," Rahab alisema. "Pikipiki moja itatosha."