Nadhiri ya Goti la Markellos

Markellos aliamka kabla ya kengele ya kanisa, akavaa suruali mpya, akauacha mkongojo wake nyuma ya mlango. Leo ni sikukuu ya Bikira Maria, na kisiwa kizima cha Tinos kingemwona akitembea kwa miguu yake miwili. Moyo ulimdunda kama wa bwana harusi.

Miaka kumi goti la kulia lilimnyima raha. Mguu ulikuwa umepinda hasa, na wachonga marumaru wenzake walisema mbuzi angepita katikati ya miguu yake bila kupiga hodi. Wengi walimshauri awekewe goti la chuma. Daktari mmoja wa Athene, mwanamke asiye na maneno mengi, akakataa.

"Goti lako limelika upande wa ndani tu," alisema. "Mguu umepinda, basi uzito wote unaangukia hapo. Nitakata mfupa chini ya goti, niufungue kidogo, niunyooshe mguu, nikaze bamba la chuma kwa skrubu. Uzito utahamia upande ulio mzima, na goti litabaki lako."

"Kumbe unapigilia kabari kama kwenye jiwe," alisema Markellos. "Hiyo ndiyo kazi yangu."

Hiyo ilikuwa Februari. Sasa ilikuwa Agosti, na mfupa ulikuwa umeshaunga.

Alipotoka chumbani alimkuta mama yake, Anezina, ameshika vitambaa viwili vinene vya kufungia magoti.

"Vya nani hivyo, mama?"

"Vyako. Siku ile unapasuliwa nilimwahidi Bikira: ukipona, utapanda kwake kwa magoti, toka bandarini mpaka mlangoni pa kanisa lake."

Markellos alimkodolea macho. "Mama, umeomba goti, ukaahidi goti lile lile?"

"Ulitaka niahidi sikio?"

"Daktari kanikataza kupiga magoti mpaka bamba litolewe mwakani."

Anezina alimnyoshea vitambaa. Aliamini nadhiri isipotimizwa mguu ungepinda tena, na Markellos, mwanamume mzima mwenye mvi, hata yeye aliamini kidogo. Akavichukua vile vitambaa.

Bandarini watu walikuwa wameshaanza kutambaa juu ya zulia lililotandikwa mpaka kanisani. Markellos akainama ajifunge. Mama yake akampokonya.

"Simama wewe. Nimeropoka mimi, nitapanda mimi."

"Una miaka sabini na sita, mama."

"Na magoti mawili ambayo hajayagusa daktari. Nipishe."

Akapiga magoti, akaanza kupanda kilima. Markellos alimfuata pembeni na mshumaa, aibu na furaha zikimgombania, maana kila hatua aliyopiga haikuuma. Hatua mia, haikuuma. Alitaka kucheka kwa sauti mbele ya waumini wote.

Katikati ya kilima Anezina aliacha kutambaa. Markellos akadhani pumzi zimemwishia, akainama kumwinua.

"Usiniguse. Bana miguu."

Akaibana. Anezina akakunja ngumi, ile ngumi aliyozoea kumtania nayo jikoni, akajaribu kuipitisha katikati ya magoti ya mwanawe. Enzi za mguu kupinda ilipita bila kugusa; leo haikupita. Akajaribu tena. Kisha akakilaza kiganja chake juu ya suruali, penye kovu, na kukiacha hapo, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Tangulia," alimwambia. "Usinisubiri. Nataka nikuone ukitembea."

Markellos akatangulia, wima, huku akiyasikia magoti ya mama yake yakikwaruza zulia nyuma yake.