Mwanya wa Filimbi

Mwimbaji waliyemwita Filimbi alipoiona picha yake kwenye kompyuta ya jarida la muziki, aliitazama kama mtu anayesalimiwa na asiyemjua.

"Binti mzuri," alisema. "Ni nani?"

"Ni wewe, dada," mpangaji wa kurasa akacheka. "Nimekusafisha kidogo tu."

Kwenye picha alikuwa ameuziba mwanya wa meno ya Filimbi, na jalada lilitakiwa kwenda kuchapwa jioni ileile.

Mhariri, mama aliyepandisha miwani kichwani, akaeleza kwa upole. "Vijana wa mjini wanapenda sura safi, mwanangu."

"Kama ni usafi, mama, wagawieni sabuni." Filimbi akavuta kiti, akakaa. "Kitendawili."

"Tega," wakajibu wote wawili, maana neno hilo halingoji ruhusa ya mdomo.

"Mlango wangu hauna ubao, wimbo hupita bila kubisha hodi."

Mpangaji akataja redio. Mhariri akataja sikio, akataja dirisha, mwisho akainua mikono. "Haya, tumeshindwa. Chukua mji."

"Mji bakini nao. Mimi nataka mwanya wangu."

Kisha akapiga mluzi, uleule unaofungua nyimbo zake zote, ambao vijana huuiga vituoni na viwanjani. Ulipita katikati ya meno mawili aliyorithi kwa bibi yake. Binti mzuri wa kwenye kompyuta hakuwa na pa kuupitishia.

Mhariri akashusha miwani. "Mrudishie," akamwambia mpangaji. "Na hicho kitendawili kiandike juu ya picha. Jibu watajionea."