Nguzo Shambani kwa Mama Nasra

“Hivi pale kwako, ukungu ukiondoka, unaziona bati za Lushoto na za Mlola kwa pamoja?” jirani yake Secilia alimwuliza Mama Nasra siku moja, wakivuna kabichi kila mmoja kwenye matuta yake. Akajibu ndiyo, anaziona. Hakujua kwamba ofisi ya kijiji ilikuwa inatafuta mahali pa namna hiyo. Wiki iliyofuata gari la kampuni likapanda mlima.

Walishuka Edgar, fundi, na Paskali, mtendaji wa kijiji, daftari kwapani.

“Shikamoo, mama,” Edgar alisema. “Mama yangu ni wa Mtae. Hapa niko nyumbani.”

“Marahaba, mwanangu. Karibuni.”

Edgar alizunguka shamba na darubini. Walitaka kusimika nguzo ya antena mbili: moja itazame Lushoto, inakotoka intaneti, nyingine itazame Mlola, inakokwenda. Kikasha cha kurushia mawimbi kingewashwa kwa paneli ya jua, maana umeme haujafika. Palipoonekana pande zote mbili palikuwa mahali pamoja tu: katikati ya mipeasi mitano.

“Miti hii itatusumbua,” alisema. “Kuanzia saa nne kivuli kinalala kwenye paneli. Betri haitajaa.”

“Shamba la nani?” Paskali aliuliza.

Mama Nasra alikunja mikono kifuani. Mbele ya wageni, mwanamke aliyeolewa hasemi shamba langu. Hata mumewe akiwa hai hasemi.

“La wakwe zangu,” alijibu. “Mimi nimewekwa tu, naangalia.”

Akawaletea peasi kwenye ungo. Paskali aliandika kwanza, ndipo akala.

Kwao, mtu aliyeazimwa ardhi hupanda mahindi, hupanda maharage. Mti hapandi. Marehemu mumewe alinunua shamba lile kwa mzee ambaye naye ameshakufa, akapanda mipeasi ukoo wote ukiangalia, na hakuna aliyemzuia. Karatasi hakuacha. Aliacha miti.

Mama Nasra alipoitwa ofisini alimkuta shemeji yake, Selemani, amekalia kiti cha wageni. Yeye akaonyeshwa benchi.

“Anasaini mwenye ardhi,” Paskali alisema. “Miti inakatwa leo, visiki vinang’olewa, zege linamwagwa.”

“Mume wangu alilinunua lile shamba.”

“Shemeji, tusivunjiane heshima,” Selemani alisema kwa upole. “Nani kakufukuza? Utalima pembeni ya uzio. Na asubuhi utatusaidia kufuta umande kwenye paneli, wewe ndiye wa karibu.”

“Ukiing’oa ile mipeasi, kesho utasema niliazimwa.”

Selemani akatazama kalamu.

Paskali alifungua daftari. “‘La wakwe zangu. Mimi nimewekwa tu.’ Ulisema, hukusema?”

Angeweza kukana. Alikuwa ametoka kuswali adhuhuri, maji ya udhu yalikuwa bado yamelowesha ukingo wa ushungi wake.

“Nilisema. Lakini nilisema kwa adabu. Wote humu mnajua tunavyosema.”

“Daftari halina safu ya adabu, mama. Siku hizi ni soko huria. Tukichelewa, kampuni inahamia kijiji kingine.”

Selemani akacheka kidogo, akasaini.

Mama Nasra alimgeukia Edgar, aliyekuwa dirishani akikunja waya.

“Mwanangu. Mama yako kule Mtae, mgeni akimwuliza shamba la nani, anajibuje?”

Mikono ya Edgar ikasimama. Akafungua mdomo.

“Fundi,” Paskali alisema bila kuinua kichwa, “saruji imeshafika. Niwaambie bosi zako umeshindwa?”

Edgar alitazama miguu ya Mama Nasra, yenye udongo mbichi mpaka kwenye vifundo. Halafu akainama, akabeba antena begani, akatoka. Barazani, watu watatu wenye mashoka waliinuka, wakamfuata.