Kiganja cha Leena

Kila asubuhi nikimaliza kazi yangu ya kumwogesha Mama Bharti nyumbani kwake pale Kenton, tunapiga soga kwa Kiswahili: yeye kwa kile cha dukani kwa baba yake, Jinja, mimi kwa changu cha Bukavu. Mwanawe Alkesh anatuelewa vizuri, ila hujibu kwa Kiingereza. Hilo huniudhi.

Jumatatu alimwonyesha mama yake picha kwenye simu. Ilitoka Uppsala, Uswidi, kwenye nyumba kuukuu alimopokewa Mama Bharti na wazazi wake walipofukuzwa Uganda mwaka 1972, kabla ya yeye kuhamia Kenton. Watu wanaoandika historia ya nyumba hiyo walikuwa wamebandua karatasi za ukutani, wakakuta kiganja chekundu karibu na mlango. Walikipaka rangi mara tatu, kikajitokeza tena. Ijumaa wangebomoa lipu yote. Waliuliza tu: huu ni mchezo wa mtoto?

"Mtoto gani," alisema Mama Bharti, akaanza kulia.

"Bale bazungu banajua nini, Mama," nikamwambia.

Kwa kina Mama Bharti, bi harusi akiondoka nyumbani huchovya kiganja kwenye kumkumu, ule unga mwekundu, akakigandamiza ukutani ili wazazi wabaki nacho. Leena, mdogo wa Mama Bharti, aliolewa kutoka nyumba ile. Aliyekoroga unga ni Mama Bharti. Desturi yao ni maji. Yeye, kwa haraka zake, akatia samli. Doa halikutoka. Mwenye nyumba alifoka, akabandika karatasi juu yake, na mama yao akasema huo ni mkosi. Mwaka haukuisha, Leena akafariki akijifungua.

"Miaka hamsini nabeba ile samli," aliniambia. "Sidonie, andika wewe. Huyu atafupisha."

Nikawaandikia wale wa Uppsala. Alkesh akatafsiri kila neno, maana nilimsimamia. Siku tatu Mama Bharti hakula cha maana, na mimi niliikasirikia Uswidi nzima.

Alhamisi wakajibu. Hawabomoi. Lau yangetumika maji, walisema, unga ungepukutika zamani; mafuta ndiyo yaliyokihifadhi kiganja. Watakiwekea kioo. Waliomba jina la kuandika chini yake.

Alkesh alisoma polepole, kisha akapiga magoti mbele ya kiti. "Mama," alisema kwa Kiswahili, "niandike nini?"

Mama Bharti aliweka kiganja chake juu ya picha.

"Andika Leena," alisema. "Halafu andika, samli alitia dada yake."